Mipaka ya Hifadhi katika Seva: Hesabu ya Kufanywa Kabla ya Kununua

Mtungi ukiwa na kina kirefu na kata ikawa na mpini mfupi, maji ya chini hayachoteki. Maji yapo, na mtungi haukupasuka. Lakini kwa mchotaji ni kana kwamba mtungi umekauka. Jambo la namna hiyo hutokea katika kompyuta, hasa iliyopewa kazi ya seva. Shule hununua diski kubwa, huifunga, kisha mfumo endeshi ukaonyesha karibu nusu tu ya ukubwa ulioandikwa kwenye kasha. Pengine kadi yenye nafasi tele hukataa kupokea faili moja. Pengine, na hili ndilo baya kuliko yote, kompyuta huendelea kuandika kana kwamba hakuna tatizo, kumbe inafuta kumbukumbu za zamani.

Makala hii inaeleza chanzo cha mambo hayo. Hoja yake kuu ni moja: nafasi inayoweza kutumiwa katika seva haiamuliwi na ukubwa wa diski peke yake, bali pia na idadi ya tarakimu ambazo mfumo umetenga kwa ajili ya kuandikia anwani. Mwanafunzi wa sekondari anayejua vipeo anaweza kuzihesabu tarakimu hizo, na kwa hesabu hiyo akaiepusha shule yake na hasara.

Seva na mfumo endeshi

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Hutunza mafaili ya wengi, hupokea maombi yao kupitia mtandao, na huwajibu. Kwa umbo inaweza kuwa mtambo uliofungwa katika kabati la chuma, kama ilivyo katika vituo vya data kama Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, wilayani Kinondoni; au inaweza kuwa kompyuta ya kawaida ya mezani iliyowekwa katika kona ya maktaba ya shule. Kinachoifanya iwe seva ni kazi yake, si umbo lake.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine nzima. Ndio unaogawa kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme ukikatika, na ndio unaojua kila faili limelala wapi juu ya diski, ambayo huhifadhi data hata mashine ikizimwa. Programu nyingine zote huomba nafasi kwa mfumo endeshi. Kwa hiyo mahali ambapo mfumo endeshi haupafikii, hakuna programu itakayopafikia.

Anwani ni tarakimu

Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na wananchi wengi waliona namba zikibandikwa katika nyumba zao. Pamoja na namba ya nyumba na jina la barabara ipo postikodi yenye tarakimu 5. Postikodi zinazoanza na 14 ni za Kinondoni, na zinazoanza na 15 ni za Temeke. Msomaji na ajiulize: tarakimu 5 zinaweza kutofautisha maeneo mangapi? Kila nafasi ina uwezekano wa tarakimu 10, kwa hiyo jibu ni 10 kwa kipeo cha 5, yaani 100,000, tangu 00000 hadi 99999. Eneo la 100,001 haliwezi kupata postikodi yake hata kama ardhi ipo. Kilichokwisha hapo ni tarakimu, wala si ardhi.

Kompyuta hutumia kizio cha 2, ambamo tarakimu ni 0 na 1 tu. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti moja. Biti n hutoa anwani 2ⁿ. Diski nayo imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na kwa muda mrefu kila sekta ilibeba baiti 512. Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja rahisi:

ukubwa wa juu = 2ⁿ × ukubwa wa kipande kimoja

Mipaka mingi ya hifadhi inayotajwa katika vitabu vya kompyuta hutokana na kanuni hii. Hapa chini imo minne.

Kikomo cha kwanza: biti 28. Diski za kompyuta ndogo zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2002 ziliandikiwa anwani za sekta kwa biti 28. Kwa kanuni, 2²⁸ × 512 = 137,438,953,472, yaani gigabaiti 137 na ushei. Matoleo ya mwanzo ya Windows 2000, mfumo uliotumika sana katika seva, yaliijua kanuni hiyo tu. Diski kubwa kuliko hapo ilipofungwa, palikuwa na hatari ya data kuharibika. Sababu yake inafahamika kwa kuitazama mita ya kilomita katika daladala la zamani. Mita yenye tarakimu 5 ikifika 99,999, kilomita inayofuata huirudisha 00000. Hali kadhalika anwani inayozidi biti 28 hurudi mwanzoni, na data mpya huandikwa juu ya sekta za mwanzo wa diski, mahali ambapo mfumo endeshi wenyewe umehifadhiwa. Kiwango kipya cha biti 48 kilirekebisha jambo hilo.

Kikomo cha pili: faili la gigabaiti 4. Kadi ndogo na diski za mkononi mara nyingi hupangwa kwa utaratibu wa mafaili uitwao FAT32. Katika utaratibu huo, urefu wa kila faili huandikwa kwa biti 32. Faili kubwa kabisa linaloweza kuandikwa ni la baiti 4,294,967,295, yaani 2³² kutoa 1. Ndiyo maana diski ya mkononi yenye gigabaiti 128 tupu hukataa faili moja la gigabaiti 5. Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa inaweza kuhifadhi nakala ya kamusi elezo ya Wikipedia kwa kutumia programu ya Kiwix. Lakini faili la Wikipedia ya Kiingereza lenye picha huzidi gigabaiti 90. Faili hilo haliingii katika FAT32 kwa njia yoyote, isipokuwa likatwe vipande. Dawa ni kuipanga diski upya kwa utaratibu mwingine, kama vile NTFS au ext4, baada ya kuondoa kwanza kila kitu cha thamani kilichomo, kwa kuwa kupanga upya hufuta.

Kikomo cha tatu: terabaiti 2. Mpango wa kale wa kugawa diski, ujulikanao kwa herufi MBR, ulianza pamoja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Huandika namba ya sekta kwa biti 32. Kwa hiyo 2³² × 512 = 2,199,023,255,552, karibu terabaiti 2.2 kwa hesabu ya mtengenezaji. Shule ikinunua diski ya terabaiti 4 na kuigawa kwa MBR, terabaiti 1.8 hazitatumika. Mpango mpya, GPT, hutumia biti 64, na kikomo chake ki mbali mno na mahitaji ya shule yoyote. Hata hivyo, Windows haiwezi kuwaka kutoka katika diski ya GPT isipokuwa mashine iwe na programu ya kuwashia ya aina ya UEFI. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotengenezwa zamani hazina UEFI. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kuweka mfumo endeshi katika diski ndogo ya MBR, kisha akatumia diski ya pili ya GPT kwa data tu.

Kikomo cha nne: idadi ya mafaili. Katika mifumo ya Linux inayotumia ext4, kila faili huandikwa katika daftari maalumu, na idadi ya mistari ya daftari hilo hupangwa siku diski inapoandaliwa. Kwa kawaida hutengwa mstari mmoja kwa kila baiti 16,384. Sehemu ya gigabaiti 100 hupata basi mistari kama 6,100,000. Ikijazwa vijifaili vidogo, kila kimoja kikichukua kipande kimoja cha baiti 4,096, mistari itakwisha wakati gigabaiti 25 tu zimetumika. Mfumo utasema kuwa diski imejaa ilhali robo tatu yake ni tupu. Fundi asiyejua jambo hili atanunua diski nyingine bila sababu.

Msomaji aangalie pia tofauti ya vipimo. Mtengenezaji akisema terabaiti 1 ana maana ya baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawanya kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo huonyesha gigabaiti 931. Hakuna kilichoibwa, ni mizani miwili tofauti inayopima mzigo uleule.

Tarakimu za saa

Kanuni ya tarakimu haiishii kwenye diski. Mifumo iliyozaliwa kutokana na Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani iliitengea hesabu hiyo biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Namba kubwa kabisa ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam. Baada ya hapo mashine isiyorekebishwa itadhani kuwa ni mwaka 1901. Mifumo mipya ya biti 64 imevuka kikwazo hicho, lakini kifaa cha zamani kinachofungwa leo na kusahaulika pembeni kinaweza kuifikia siku hiyo kikiwa bado kinafanya kazi.

Mipaka isiyotokana na hesabu

Si kila kikomo ni cha vipeo. Vingine huwekwa na muuzaji kwa leseni. Windows Server 2008 R2, kwa mfano, ilikuwa ya biti 64 katika matoleo yake yote. Hata hivyo toleo la Foundation lilikubali kumbukumbu ya gigabaiti 8 tu, la Standard gigabaiti 32, na la Enterprise terabaiti 2. Mashine ni ileile na biti ni zilezile. Tofauti ni fedha iliyolipwa. Vivyo hivyo, toleo la Essentials la Windows Server 2012 lilihudumia watumiaji wasiozidi 25. Mwenye kununua anapaswa basi kuuliza maswali matatu, si moja: Je, mashine inaruhusu kiasi gani? Je, hesabu ya mfumo inaruhusu kiasi gani? Je, leseni inaruhusu kiasi gani? Jibu dogo kuliko yote ndilo litakalotawala.

Mahitaji ya chini si mahitaji ya kazi

Kila mfumo endeshi hutangazwa pamoja na mahitaji yake ya chini. Kwa Windows Server 2022, Microsoft hutaja prosesa ya biti 64 yenye mwendo wa gigahezi 1.4, kumbukumbu ya megabaiti 512, au gigabaiti 2 kwa anayetaka madirisha na picha za mezani, na diski yenye gigabaiti 32. Namba hizo ni za kuuwezesha mfumo usimame, si za kuuwezesha ufanye kazi. Zinafanana na chakula cha kumwezesha mgonjwa aketi kitandani. Hakitamtosha akienda kulima. Isitoshe, namba hizo hukua kwa sababu nyingine: seva yenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti 16 huhitaji diski zaidi ya gigabaiti 32, kwani mfumo hutenga sehemu ya diski kwa kunakili yaliyomo katika kumbukumbu.

Kwa kulinganisha, Unix ilipoanza kuandikwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, mashine iliyotumika, PDP-7, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 8,192 yenye biti 18 kila moja. Hizo ni sawa na baiti 18,432. Megabaiti 512 ni karibu mara 29,000 ya hizo. Mahitaji ya mfumo hutegemea kazi inayotakiwa, na kazi hiyo ndiyo inayopaswa kutajwa kwanza.

Nchi hii imewahi kulipa gharama ya kujifunza jambo hilo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matatizo katika shughuli za uhasibu na kwa kuzingatia fedha za kigeni zilizotumika. Zuio hilo lililegezwa baadaye, lakini funzo lake halijachakaa: mashine isiyopimwa kwa kazi yake ni mzigo.

Mfano: shule ya kutwa Mbagala

Ichukuliwe shule ya kubuni iliyopo Mbagala, wilayani Temeke, yenye wanafunzi 1,000 na chumba chenye kompyuta 40. Wazazi wamechanga fedha, na kamati imeshauriwa kununua diski moja ya terabaiti 4. Je, ushauri huo ni sahihi? Mwalimu wa hisabati anawapa wanafunzi wake kazi ya kukadiria.

Mfumo endeshi na programu zake: gigabaiti 60.
Kamusi elezo ya kusomea bila intaneti: gigabaiti 100.
Kazi za wanafunzi, megabaiti 200 kwa kila mmoja: gigabaiti 200.
Masomo 300 ya video, megabaiti 500 kwa kila moja: gigabaiti 150.

Jumla ni gigabaiti 510. Si vema diski ijazwe zaidi ya robo tatu, kwa hiyo 510 hugawanywa kwa 0.75, na jibu ni gigabaiti 680. Diski ya terabaiti 1 inatosha.

Sasa yahesabiwe matokeo ya mitihani. Wanafunzi 1,000, masomo 10, mitihani 2 kwa mwaka, miaka 4, na baiti 100 kwa kila alama pamoja na maelezo yake: 1,000 × 10 × 2 × 4 × 100 = 8,000,000. Hizo ni megabaiti 8 tu. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Kamusi elezo na video zikipotea zitapatikana tena kwingine. Matokeo ya mwanafunzi yakipotea hayapatikani popote. Kitu cha thamani kuliko vyote ndicho kidogo kuliko vyote, na nakala yake inaweza kutunzwa katika diski ya mkononi iliyo ndogo kabisa.

Kwa hiyo ushauri wa diski moja ya terabaiti 4 hauna msingi. Ni afadhali kununua diski mbili za terabaiti 1 na kuuagiza mfumo endeshi uandike kila kitu katika zote mbili kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine itaendelea, na kikomo cha terabaiti 2 hakitaguswa kabisa. Hata hivyo diski pacha si badala ya nakala. Faili likifutwa kwa makosa hufutika katika zote mbili, na mwizi akichukua mashine huchukua zote mbili. Nakala ya matokeo sharti ilale katika jengo jingine.

Kuhusu kumbukumbu ya muda: mfumo gigabaiti 2, kompyuta 40 kwa megabaiti 50 kila moja, gigabaiti 2, na gigabaiti 4 za kushikilia mafaili yanayosomwa mara kwa mara. Jumla ni gigabaiti 8.

Umeme, joto na vumbi

Mahitaji ya mashine hayaishi katika prosesa na diski. Seva haizimwi usiku. Mtambo mkubwa wa mtumba unaokula wati 300 hutumia 0.3 × 24 × 30, yaani yuniti 216 za LUKU kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya wati 40 hutumia yuniti 28.8. Zawadi ya seva kubwa inaweza basi kugharimu zaidi ya kununua ndogo.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kubaki nusu. Mifumo ya mafaili kama NTFS na ext4 huandika kwanza katika kitabu cha kumbukumbu jambo inalotaka kulifanya, ili ikiwaka tena iweze kusahihisha. Hilo huokoa mpangilio wa diski, lakini haliokoi kila sentensi iliyokuwa ikiandikwa. Betri ya akiba inahitajika. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Ikikadiriwa kuwa nusu yake ndiyo itumikayo, hizo ni wati-saa 42: zinatosha karibu saa nzima kwa mashine ya wati 40, lakini dakika 8 tu kwa ile ya wati 300. Kwa shule, dakika hizo zitumike kuizima seva kwa utaratibu.

Mwisho, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na barabara za vumbi hazikosekani pembezoni mwa jiji. Seva iwekwe mahali penye kivuli na hewa, juu ya sakafu, mbali na dirisha, na vumbi lifutwe kila muhula.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Utaratibu mmoja wa mafaili hutumia biti 32 kuhesabu vipande vya baiti 4,096. Tafuta ukubwa wa juu wa diski yake.
2. Ikiwa sekta zitakuwa na baiti 4,096 badala ya 512, kikomo cha MBR kitaongezeka mara ngapi?
3. Postikodi ikiongezwa tarakimu moja, maeneo yataongezeka mara ngapi? Anwani ya kompyuta ikiongezwa biti moja, je?
4. Kadiria mahitaji ya hifadhi ya shule yako kwa kufuata mfano wa Mbagala, kisha utaje ni sehemu gani ya data hiyo isiyoweza kupatikana tena ikipotea.

Majibu: (1) 2³² × 4,096 = baiti 17,592,186,044,416, karibu terabaiti 17.6 kwa hesabu ya mtengenezaji. (2) Mara 8. (3) Mara 10, mara 2. (4) Jibu litatofautiana kwa kila shule, na ni vema likabandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu kabla ya siku ya kununua.